Madigadi ya Gari la Mzee

Kitale,
Jumapili jioni

Nasimiyu, furaha ya moyo wangu,

Kabla sijasema lolote nataka kujua: kile kikohozi kimekuacha? Na Mama, miguu inamruhusu kufika shambani? Mimi ni mzima, ila nimechoka hadi kalamu inanilemea. Lakini nikiandika jina lako tu, bega linasahau kuuma. Tangu tutoke kanisani tukiwa mume na mke natabasamu peke yangu, na mafundi wenzangu wanasema ati nimerogwa. Waache waseme.

Najua jana ulinitazamia, na najua ulitazama njia hadi giza likaingia. Nisamehe, mpenzi. Sababu ni gari.

Kuna mzee mkulima wa nje ya mji mwenye gari la tangu enzi za masetla wa Kizungu, zuri ajabu, lenye taa za duara kama macho ya bundi. Barabara ya shamba lake ni matope matupu, basi akataka tulivishe magurudumu makubwa. Hayakuingia kwenye madigadi, yale mabati yanayoyafunika, ikabidi tupanue matundu. Bosi akanipa mimi kazi hiyo. Nilichora kiolezo kwenye katoni ili pande zote zifanane, nikakata bati, nikakunja ukingo kwa nyundo polepole, nikachomelea chuma chembamba kwa ndani, nikapiga msasa, tukapaka rangi. Ijumaa asubuhi gari lilikuwa likimeremeta, nami nilikuwa nimeshafunga mkoba wa kuja kwako.

Mzee akaja kulichukua pamoja na mkewe, mama mmoja mnene, mcheshi, na jamaa watatu wa kanisa lao. Wote wakaingia. Hawakufika hata kwenye lango. Gari lilikaa chini kwa uzito, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuguguna kingo zangu, yakitoa harufu ya mpira ulioungua. Nilikuwa nimelipima likiwa tupu, juu ya jeki, kana kwamba halitapandwa na mtu maisha yake yote.

Bosi alichutama kutazama kingo. Mama yule ndiye aliyesema, akiwa bado ameketi ndani, "Sasa mimi ndio mbaya? Si mngeniita kwanza nikae, ndio mpime?"

Watu wakacheka. Mimi niliutazama mkoba wangu pale ukutani, nikajua siji.

Nikawaomba wasishuke. Nikalala chini na chaki kuchora upya mahali pa kukata. Yule mama akaniuliza kutoka dirishani kama nimeoa. Nikasema nimeoa, tena vizuri. Akataka kujua bibi yuko wapi. Nikamweleza uko Kabuchai kwa mama yangu, hadi nipate nyumba ya vyumba viwili, kitanda kikubwa na viti, ndipo nikulete.

"Na huyo msichana alikuambia anataka viti?"

Nikaendelea kuchora kwa chaki. Bosi akaniambia nimjibu yule mama. Nikasema hapana, hakuniambia.

"Haya. Kata hiyo bati."

Nilikata, Nasimiyu. Nilirudia yote, kukunja na kuchomelea na msasa na rangi, hadi vidole vikakataa kushika kikombe cha chai. Jana jioni walirudi kulichukua, wakaondoka wote watano ndani. Nilitembea kando ya gari hadi barabarani nikisikiliza. Halikugusa.

Sasa sikiliza. Chumba changu ni kimoja. Kitanda ni chembamba na kinalia. Dirisha linatazama ukuta, na maji tunachota kwa bomba moja, wapangaji wote wa ploti. Ukiingia wewe hatutapata mahali pa meza, basi tutakula tukiwa tumeketi kitandani. Njoo. Najua Mama anasema mke mpya hatumwi peke yake kama mzigo, na ana haki. Mwambie kaka yangu Barasa akusindikize Jumamosi, mpitie Kimilili. Nitawangoja stendi tangu asubuhi.

Nisalimie Mama, na umwambie simnyang'anyi, tutakuja kuvuna naye. Nisalimie shangazi aliyekufunga kitambaa siku ya arusi, na mwalimu wa kwaya. Barasa mwambie asilete maneno, alete sanduku lako.

Ni mimi Wekesa, mume wako. Sijazoea bado kuliandika neno hilo, na naomba nisizoee.