Upande Uliobonyea

Jumatano usiku, Kyambogo

Eti nigeuze upande uliobonyea wa mtungi wangu utazame ukuta! Mwandalizi wa mkutano wa wahandisi wa baridi kali kaniambia mbele ya wageni wa maonyesho: "Nyabo, mama, mtungi huo unatuaibisha."

Nimeubonyeza mwenyewe. Kila mtungi wa naitrojeni ya kimiminika ninaoutengeneza nauangusha kwanza kutoka juu ya bodaboda, maana utapakiwa kwenye bodaboda kupeleka mbegu za kupandikiza ng'ombe kwa wafugaji.

Naogopa, sikatai. Nisipopata oda hapa, nafunga karakana.

Lakini upande ule niliugeuzia watu. Jirani yangu wa meza, muuza mitungi ya ng'ambo inayong'aa, akacheka. Nikafungua kifuniko cha mtungi wangu, naitrojeni bado imo, ule moshi mweupe wa baridi ukamwagika mezani.

"Haya, ssebo, angusha wako."

Akaukumbatia mtungi wake.