Nimemdanganya Mdogo Wangu Kuhusu Kompyuta ya Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Ijumaa haijafika, na unisamehe nikizunguka sana maana shule sikwenda mbali. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili, nina duka la kudarizi beji za sweta za shule, tuko wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike, na kazi yote inapitia kwenye kompyuta moja ambayo marehemu mume wangu aliinunua enzi zile tukiwa bado tunachekacheka ovyo kama vijana.

Programu ya kuchorea beji aliipata ya majaribio, siku thelathini zikiisha inajifunga, basi yeye kwa ujanja wake kila mwezi akawa anairudisha nyuma kalenda ya kompyuta, anapangusa kioo kwa upindo wa shati, ananiambia, "Mke wangu, humu ndani sisi hatuzeeki," nami nacheka mpaka chai inamwagika. Huu ni mwaka wa sita tangu afariki, Mungu amrehemu, na mpaka leo kila mwezi nairudisha ile kalenda palepale alipoiacha, na nakwambia kweli, nikiuona mwaka ule kwenye kona ya kioo moyo unatulia, naona kama yuko hapo nyuma ya pazia anatafuta bisibisi.

Sasa mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo umechoka, haufungui michoro wanayotuma siku hizi. Mwezi uliopita shule yetu kubwa ilituma beji mpya yenye simba, faili likagoma, mdogo wangu akaichora upya kwa kuangalia kwenye simu, siku tatu, macho yamemvimba, na simba akatoka ameangalia upande mwingine. Sweta mia mbili zikarudi. Mwalimu mkuu akasema mbele za watu, "Mama, huyu simba wetu anatoroka shule?" Watu wakacheka, mdogo wangu akaenda kulia stoo.

Nikamwita fundi. Mdogo wangu alikuwa ametoka kununua uzi, kwa hiyo nilimsikia peke yangu: "Mama, mfumo mpya unawekeka bila tabu, ila wenyewe unachukua tarehe ya kweli kwenye mtandao, na hii programu yenu ya ujanja itafunga. Itabidi mnunue ya halali." Mdogo wangu aliporudi akauliza, "Enhe, fundi kasemaje?" Mdomo ukajibu wenyewe, "Kasema tukiigusa inakufa."

Mshauri, mimi ni mtu wa sala, lakini tangu siku ile nikipiga magoti maneno hayatoki. Mdogo wangu amesema, "Dada, shule imetupa nafasi ya mwisho, mchoro wanatuma Ijumaa. Ukinikuta nachora kwa macho tena, ujue ndiyo mwisho, naenda kushona kwa watu." Miaka kumi na minne tumekaa meza moja. Lakini nikiibadilisha naona kama namzika mume wangu mara ya pili. Nifanyeje?

Mama Beji

MSHAURI ANAJIBU

Mama Beji, pole, tena pole ya kweli. Mimi mwenyewe ninayo redio ya marehemu mama yangu ambayo haishiki stesheni hata moja, na ole wake atakayeitupa. Lakini sijamlazimisha mtu kusikiliza habari kwenye redio hiyo. Wewe umemlazimisha mdogo wako, halafu ukamsingizia fundi wa watu.

Mumeo alirudisha kalenda ili kazi iende. Wewe unairudisha na kazi haiendi. Huoni tofauti? Na ule ujanja wenyewe, tusiupambe, ilikuwa ni kutumia kazi ya mtu bila ridhaa yake. Ulicheka, sawa, mlikuwa wawili na mlipendana. Sasa imetosha, nunua programu ya halali, labda na sala nayo itapata maneno.

Badilisha mfumo. Mwite fundi kesho, si Alhamisi jioni. Mwambie asifute chochote: aitoe diski ya zamani nzima nzima, akupe mkononi, na mfumo mpya auweke kwenye diski mpya. Kabla ya hapo anakili michoro yenu yote mahali pawili. Halafu asiondoke mpaka mashine ya kudarizi imeitambua kompyuta na imeshona beji moja mbele ya macho yenu, hata kwenye kitambaa chakavu. Ikikataa, anairudisha diski ya zamani na hamjapoteza kitu. Hiyo diski, kazi ikishakwenda vizuri, kaifunge kwenye khanga uiweke kabatini na vitu vyake vingine. Hakuna aliyezikwa mara mbili hapo.

Lakini fundi si wa kwanza. Wa kwanza ni mdogo wako. Leo, ana kwa ana, usimtumie ujumbe wala usimpitishie kwa mtu, mwambie: "Fundi hakusema hivyo, nilisema mimi." Ni maneno matano tu. Usianze kumweleza habari za marehemu kabla hujayamaliza. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike akiwa bado ndani ya duka.