Sura ya Kwendea Nikahi

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na hapa kwetu Kiembe Samaki njia yote ni tope. Nnaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hivyo makosa mtanisamehe.

Bado siamini.

Kwa mliosahau, nanyi ni wengi wala siwalaumu: mimi ni yule mpiganaji wa kizimbani, ngumi, mateke na mieleka pamoja, mliyekuwa mkimshangilia zamani. Mapambano manne mfululizo nilipigwa yote. Nikipita Darajani wauza samaki huniuliza, "Bingwa, leo unataka samaki au barafu tu ya kukandia?" Nacheka nao. Barafu nachukua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na pambano la tano, na jana Ijumaa nikahi ya binti yangu Sabra. Aliyekubali siku zikaribiane hivyo ni mimi na kichwa changu hiki. Sabra hakunikataza. Alinambia tu, "Baba, hata ukipigwa, usije msikitini na jicho limefumba. Watu watakutazama wewe, wamsahau bwana harusi."

Basi nikaingia kizimbani na hofu moja: sura.

Mikono nikaipandisha mpaka mashavuni na sikuishusha. Kijana niliyepangiwa, nusu ya umri wangu, alipiga weee, akapiga mikono, akapiga mabega, mpaka pumzi zikamwisha. Raundi ya tatu akajisahau, nikatupa mkono wa kulia mmoja tu. Ukampata kwenye paji la uso. Kijana chini. Mkono wangu nao, mfupa ukavunjika.

Nikasimama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Nimeshinda? Mimi?

Kocha wangu hata hakushangilia. Alinitazama, akasema, "Miaka yote nakupigia kelele mikono juu, mikono juu. Kumbe unajua!"

Hilo limenishitua kuliko ushindi wenyewe. Nilikuwa nshakubali kuwa kupigwa kote kule ni uzee.

Jana sura ilikuwa safi, ndevu nimechonga, kanzu imenyooka. Jambo moja tu sikulifikiria: baba anapomuoza binti yake humshika bwana harusi mkono wa kulia. Vidole vyangu vilikuwa vinachungulia tu kwenye bandeji. Mkwe wangu, mwalimu mpole, akaving'ang'ania kama mtu anayezama. Nikatamka maneno yote mpaka mwisho, machozi yakinichuruzika. Msikiti mzima ukanihurumia: masikini, uchungu wa mwana.

Sikuwasahihisha. Wala sina hakika kama walikosea.

Leo mwandaaji wa mapambano kanipigia simu. Mfupa ukiunga, anataka nirudi kizimbani. Nikampelekea mke wangu habari huku nacheka: sasa Sabra keshaolewa, mikono nitampandishia nani tena?

Mama Sabra alikuwa akinibadilisha bandeji. Hakucheka.

"Sura hiyo mimi ndo nnayeamka nayo kila siku," akasema. "Mbona mimi hukunipandishia hata mara moja?"

Akamaliza kufunga, akaenda zake jikoni.

Mwandaaji anataka jibu kesho. Mama Sabra hakusema la kwake analitaka lini.