Kadi Thelathini na Sita Zilizovishwa Plastiki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu lalamiko la Bw. Kioko Musyoka la kupigwa mwiko, Bertrams, Johannesburg

Jina: Mwadini Khatib Faki
Umri: miaka 22
Kazi: karani, duka la fotokopi na kuchapa la Mama Hélène, Bertrams
Makazi: chumba cha nyuma ya duka hilohilo
Tarehe: Jumatatu, 20 Machi 2006, saa tatu na nusu asubuhi
Lugha: Kiswahili. Konstebo Jabari Sithole anayeandika alizaliwa Morogoro, baba yake alipokuwa uhamishoni, hivyo hatukuhitaji mkalimani.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Konstebo amenifafanulia kwamba aliyepigwa ni Bwana Musyoka, aliyempiga anajulikana, na mimi nimeitwa kueleza nilichokiona tu. Hata hivyo nimeomba nianze na kosa langu, maana bila hilo mwiko usingetoka jikoni.

Mnamo tarehe 14 Machi 2006, Jumanne, saa nne asubuhi, Mzee Thabo Mokhele aliingia dukani kwetu. Ni mkazi wa Bertrams, mwenye umri wa miaka sabini hivi. Alikuwa uhamishoni Tanzania, kisha Marekani, na Kiswahili anakizungumza vizuri. Alibeba albamu yenye kadi 36 za besiboli. Kadi hizo ni picha za wachezaji, ndogo kuliko kiganja, ambazo zamani Wamarekani walizipata ndani ya pakiti za bigijii. Alitaka nichape orodha yenye jina la mchezaji, timu, mwaka, na maneno ambayo yeye mwenyewe aliandika kwa penseli nyuma ya kila kadi.

"Jumamosi anakuja mtu wa Sandton," alisema. "Mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji. Wanachagua mkusanyiko mmoja wa kuonyesha watu. Mwaka jana walichagua visanduku vya viberiti."

"Viberiti, Mzee?"

"Viberiti. Eish, kijana, acha tu."

Nilimuuliza mkusanyiko bora unajulikana kwa nini. Niliuliza kwa ajili ya orodha, ili nijue safu ya kwanza iwe ya nini. Alivuta kiti akakaa dakika arobaini. Wateja watatu waliondoka bila huduma.

Alisema watu hudhani ni wingi, lakini mtu anaweza kuwa na kadi elfu kumi gereji na akawa anamiliki takataka. Alisema wengine hutazama kona kama ni kali, picha kama imekaa katikati, na uso kama hauna mkwaruzo. Hayo aliyakubali, ila hayakumtosha. Mkusanyiko, alisema, lazima ujue unamtafuta nani. Yeye aliwatafuta wachezaji weusi peke yao, wa miaka kumi ya mwanzo tangu waliporuhusiwa kucheza na Wazungu. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na tisa, akiwa anafagia shule moja huko Ohio.

Nilisoma migongo ya kadi nilipokuwa nachapa. Mmoja ulisema: "Nimebadilishana na kinyozi. Amechukua kofia yangu. Kichwa baridi." Mwingine ulisema: "Mama amezikwa jana. Mimi niko huku." Huo niliuchapa mara tatu kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vinakosea.

Alipoondoka alisema, "Zitunze kama unavyotunza vyeti vyako." Nilimwahidi.

Naomba konstebo aelewe kuhusu vyeti vyangu. Cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na cha uchapaji vyote vimepigwa laminesheni, yaani vimevishwa plastiki kwa mashine ya joto. Kwetu Wete, mtu akikuona na cheti kitupu anakuuliza kama huna watu.

Mnamo tarehe 16 Machi, Alhamisi, saa tisa alasiri, niliziingiza kadi zote 36 kwenye mashine yetu, moja moja, kwa joto la karatasi nyepesi. Hakuna iliyoungua. Kwa kuwa hazikuingia tena kwenye albamu, nilitoboa matundu kwenye ukingo wa plastiki, si kwenye kadi, nikazipanga katika faili jipya la bluu. Nilifikiria pia kuzikata kona zilizochakaa ili zilingane, lakini sikukata. Konstebo amesema mawazo hayahitaji kuandikwa. Mimi nimeona ni salama zaidi yakiandikwa. Nilikuwa na furaha siku ile, na hilo pia naomba liwemo.

Mnamo tarehe 18 Machi, Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, nilipeleka faili nyumbani kwa Mzee. Alinifungulia mkewe, Bi Perpetua, mwenyeji wa Morogoro. Alisema Mzee ananyoa ndevu, na mgeni ameshafika. Mgeni alikuwa Bwana Musyoka, yule mwenyekiti mwenyewe, Mkenya, mfanyakazi wa benki Sandton. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Alilifungua faili mezani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Poa. Amezitia kwenye mifuko," alisema.

Mzee alikuja akiwa bado na povu sikioni. Kabla hajakaa, Bwana Musyoka aligeuza kadi akaona penseli.

"Mzee, hii maandishi inaharibu kadi. Lakini si shida, tutafuta." Alitoa kifutio mfukoni, kisha akatafuta mdomo wa mfuko. Aliizungusha kadi pande zote nne. Akaizungusha tena. "Kijana, hii mfuko inafungukia wapi?"

Nilisema, "Haifunguki, Bwana. Nimeiziba kwa joto."

"Umefanya nini?"

"Laminesheni."

"Zote?"

"Zote thelathini na sita. Ya kwanza niliirudia, ilikuwa na kiputo."

Bwana Musyoka alivua glavu kama mtu aliyetoka kuosha maiti. Mzee alikaa. Hakunitazama. Nilitamani anitukane.

Kisha Bwana Musyoka alitoa kisu kidogo. "Tujaribu moja. Nikate plastiki, nibandue, nifute hii penseli, labda tuokoe picha." Kadi aliyoishika ni ile ya mazishi. Niliitambua kwa namba yake kwenye orodha, namba 22.

Mzee alisema, "Acha." Hakuacha.

Bi Perpetua alitokea jikoni na mwiko. "Baba Lerato, huyu anakata nini?"

"Ile ya mama," alisema Mzee.

Bi Perpetua alimpiga Bwana Musyoka mara mbili. Pigo la kwanza lilipata mkono wa kulia, kisu kikaanguka. La pili nadhani lilikusudiwa mkono uleule, lakini lilipata saa ya mkono wa kushoto, kioo kikapasuka. Mwiko ni wa mti, una urefu wa sentimita arobaini hivi, na ulikuwa na unga.

"Mnanipiga juu ya karatasi!" alisema Bwana Musyoka.

"Toka na kifutio chako, mwanangu," alisema Bi Perpetua. "Ukirudi nitakufuta wewe."

Aliondoka saa nne na dakika ishirini. Nilimuuliza Mzee kama nikajipeleke polisi. Aliniambia nikae nile. Nilikula ugali uliosongwa kwa mwiko uleule. Kama huko ni kuharibu ushahidi, nakiri.

Leo asubuhi, mbele yangu, konstebo alimuuliza Mzee kama anataka kunifungulia kesi ya kuharibu mali. Nilikuwa nimeshampa Mama Hélène ufunguo wa duka, nikamwomba awaandikie wazazi wangu. Alinijibu, "Weye Mwadini, usiogope bure. Enda useme kweli, urudie kazi." Sikuweza kusadiki kwamba ningerudi.

Kabla Mzee hajajibu nilihesabu vigae vya ukuta mpaka dirishani. Kisha alisema, "Kijana, nisikudanganye. Kwa wakusanyaji umeziua. Hazitaonyeshwa mahali popote."

Nilisema ndiyo, Mzee.

"Binti yangu Lerato ana miaka ishirini na tisa. Sikuwahi kumruhusu aziguse, kwa ajili ya kona. Jana alizisoma zote, mbele na nyuma, huku anakula magwinya, haya maandazi yetu ya Joburg. Mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikazipangusa kwa kitambaa, basi." Alimgeukia konstebo. "Sina kesi na huyu. Ila asiguse kitu changu kingine chochote."

Nimeahidi kutogusa.

Hapa ndipo ninapoishia. Nimesomewa maelezo haya nikayaona ni ya kweli, isipokuwa saa tisa alasiri ya Alhamisi inaweza kuwa saa tisa na dakika tano.

(Sahihi) Mwadini K. Faki

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa na kusomwa mbele ya shahidi, yakamalizika saa tano na dakika ishirini. Shahidi ameambiwa yuko huru kwenda. Saa sita na robo alikuwa bado benchi. Alipoulizwa anangoja nini, alisema anangoja kuambiwa hivyo kwa maandishi. Nimemwandikia. Ameomba na mhuri.

Konst. J. Sithole