Koti la Mwezi wa Tano

Juu ya duka la viatu la marehemu Baba,
Mtaa wa Marash,
Burj Hammud, Beirut.
3 Machi 2024

Mpendwa wifi yangu Nazeli,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na paka. Natumaini wewe na Hrant mmeamka salama, na kwamba theluji ya Montreal imeanza kuwahurumia. Aren hajambo? Bado anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi? Nimemwekea mfuko mzima, na vya kijani ndivyo vingi. Na mdogo wake, Lusine wangu, homa imeshuka? Naomba Mungu iwe imeshuka.

Mimi sijambo, ila magoti ukiyauliza yatakupa jibu jingine. Umeme unakuja saa mbili kwa siku, kwa hiyo cherehani naikanyaga kwa mguu kama alivyokuwa akifanya Mama. Tumo katika kwaresima, nami nimekula dengu mpaka naanza kufanana nazo.

Nazeli, habari hizo zote ni za kujichelewesha tu. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza habari za theluji. Mdomo wangu umezoea uwongo, ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mwezi uliopita uliniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kupata homa kama ya Lusine, ile inayokuja na maumivu ya tumbo, ikakaa siku mbili tatu, kisha ikaondoka yenyewe bila kuaga. Uliniambia daktari wenu anataka kujua. Nikakujibu kwamba kwetu hakuna. Nilikudanganya. Yupo, na ni mimi.

Ninayo tangu nina miaka sita. Hrant hajui. Yeye alizaliwa mimi nikiwa na kumi na mmoja, na kila homa ilipoanza Mama alinikimbiza kwa shangazi yetu kule Anjar, akawaambia watu nimekwenda kuchuma tufaha. Hata katikati ya baridi kali nilikuwa nachuma tufaha! Msichana mwenye homa ya ukoo haposwi, alisema Mama, na ndugu yake naye hapewi mke. Vidonge vyangu navimeza kila siku, nimevificha ndani ya kopo la vifungo. Uliponikuta navyo nilikwambia ni vya kuimarisha kucha, nawe ukaniamini.

Unakumbuka siku tulipokuja kwenu kufunga neno la ndoa? Ilikuwa mwezi wa tano, watu wanajipepea kwa leso, nami nimekaa kwenye kochi lenu na koti la sufu. Ukaleta kahawa ukaniambia, "Dada Araksi, vua koti, utaiva humu!" Wote wakacheka, na tangu siku ile ukawa unaniita Wifi Koti. Nilikuwa na homa, Nazeli. Meno yalitaka kugongana, nikayabana kwa lozi za sukari. Mama alikataa nibaki nyumbani, kwa sababu dada wa bwana harusi asipoonekana, maneno huanza.

Uliporudi jikoni, bibi yako Takuhi alimsogelea Mama, akashusha sauti.

"Mama Hrant, tusifichane. Kwenu kuna ile homa ya kuja na kuondoka?"

"Kwetu?" Mama akasema. "Kwetu hata mafua hayaujui mlango."

Bibi akanigeukia. "Na wewe binti, mbona umejifunika hivyo?"

"Nimezoea, bibi," nikasema.

Akamalizia kahawa yake. Hakusema kwa nini anauliza, na kabla Aren hajazaliwa tukamzika. Sasa daktari wangu amenieleza kwamba mara nyingi homa hii humshika mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia, hata kama wao wenyewe hawaugui. Nadhani bibi yako alijua kitu cha upande wenu na alitaka kujua cha upande wetu. Aliuliza swali moja tu, tukamjibu uwongo watu wawili.

Sasa nakuja kwenye lile linalonifanya nione haya hata kujitazama kwenye kioo. Aren alipokuwa na mwaka na nusu alianza kulia vile, amekunja magoti mpaka kifuani. Nilimwona mara moja tu nikajua. Ninyi mkakimbilia hospitali, wakamkata kidole tumbo, wakakitoa kikiwa kizima hakina kasoro. Nami nilikuwa nimekaa nawe kwenye benchi, nimekushika mkono, na vidonge vyangu vimo mkobani. Sikusema neno. Homa zikaendelea, na yale maneno yake manne yakaisha moja baada ya jingine, la mwisho likiwa "maji".

Madaktari waliposema ni usonji, mtaa ukatafuta mwenye kosa, na mimi ndiye niliyewapa. Hripsime wa ghorofa ya tatu, unamjua, ile redio ya jengo, aliniuliza mbele ya wanawake kwa nini mtoto hasemi. Nikamjibu, "Atasemaje, na mama yake ana moyo wa jokofu? Usipomwimbia mtoto, hazungumzi." Wakatikisa vichwa. Nilipogeuka ulikuwa umesimama kwenye ngazi na mfuko wa biringanya. Ukapita na mfuko wako, ukapanda juu. Miezi minne baadaye mkahama, na watu wakasema mnafuata maisha mazuri.

Uliponiuliza habari za Lusine sikulala vizuri wiki nzima, mwishowe nikamwambia daktari wangu kila kitu. Ni binti mdogo, anaitwa Shoghig, ulimi wake hauna pazia. Alisema wapo watafiti wanaoshuku uhusiano kati ya homa hii na usonji. Wakihesabu watoto wenye homa hii, baadhi yao huona usonji mara nyingi zaidi kuliko kwa watoto wengine. Lakini kama kuvimba kwa ndani kunakoletwa na homa ndiko kunakougusa ubongo, au yote mawili yana chanzo kimoja, au ni hesabu tu, bado hakuna mwenye hakika.

"Ningesema mapema, angekuwa anaongea?" nikamwuliza.

"Hilo sijui, na atakayekwambia anajua, mkimbie. Ninachojua ni kwamba huenda asingepasuliwa bure, na angepata dawa."

"Na mama yake?"

"Mama yake ana kosa gani, Bi Araksi?"

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na Lusine, mtoto wa miaka miwili ambaye sijawahi hata kumbeba.

Soma hapa polepole. Uliniambia Aren kila baada ya wiki chache huingia chini ya meza, akakumbatia magoti siku mbili, hali wala hataki kuguswa, na walimu wake wanasema ndiyo tabia yake. Nazeli, mimi hukaa hivyo hivyo. Si tabia, ni tumbo. Huenda anaumwa miaka yote hii na hana neno la kutuambia. Mpime joto siku hiyo, uwapeleke wote wawili kwa daktari. Karatasi ya vipimo vyangu inakuja pamoja na barua hii. Hrant naye apimwe, na umwambie dada yake ndiye aliyesema.

Sikuombi msamaha leo. Ukinisamehe haraka nitadhani ni adabu tu.

Posta ni ya kobe na simu yangu haina kamera ya maana, kwa hiyo nimemwita Hripsime aje aipige picha barua hii na karatasi yangu, akutumie leo hii. Ndiyo, Hripsime yule yule. Nimemwambia aisome kwanza, yote mpaka hapa, kwa sauti. Amefika pale penye jokofu akataka kuruka mistari, nikamwambia, "Endelea, shoga, na kesho uwasomee wengine." Kabla jua halijazama mtaa mzima utajua ni nani aliyekuwa na homa na ni nani aliyekuwa na moyo wa jokofu.

Nisalimie Hrant, na mama yako Vartuhi mkizungumza. Mbusu Lusine kwenye paji la uso, uniambie lina joto gani. Aren usimbusu kwa niaba yangu, najua hapendi. Mpe tu kifuniko kimoja cha kijani. Mungu awafunike kwa mkono wake, na awape usiku mmoja mzima wa usingizi, wote wanne.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, niliyechelewa,

Araksi, binti Garabed,
mgonjwa wa homa ya vipindi tangu umri wa miaka sita.
Mwonyeshe daktari jina hili.