Neti Nyeupe ya Mama

Mang'ola, Alhamisi jioni. Joto limetulia, na upepo unaotoka ziwani unanukia vitunguu. Asubuhi nilipanda gari Karatu nimevaa sweta. Huku chini nimelivua, na bado siamini kwamba hii ni wilaya ileile.

Nimekuja kwa sababu mama ameugua malaria tena. Ni mara ya pili tangu mvua zianze. Jirani ndiye aliyempeleka zahanati, mama akiwa anaweweseka kwa homa na kuzungumza na watu ambao hawapo. Muuguzi aliniambia kwenye simu, kwa upole tu, kwamba kwa umri ule ya tatu huenda asiihimili.

Leo amemaliza dawa mseto. Ana nguvu za kunywa uji na za kunigombeza kwamba nimekonda.

Kinachonichekesha, na kinachoniuma, ni kwamba kazi yangu mimi ni kushusha neti. Kila jioni, kwenye loji moja huko juu, njia ya watalii kwenda kreta, naingia chumba hadi chumba, nafungua fundo na kuitandaza neti kuzunguka kitanda cha mgeni. Kwa baridi ya kule, mbu mwenyewe angeomba koti. Wageni wanazipenda tu, wanazipiga picha. Huku kwa mama, ambako majaruba ya vitunguu hayakauki maji na mbu wanaanza kazi kabla jua halijazama, neti imekunjwa juu ya kabati.

Si ujinga. Unayesoma, usije ukadhani hivyo.

Baba alipofariki, majirani waliingia mbiombio wakatafuta shuka la kumfunika, hawakuliona. Mmoja akaivuta neti iliyokuwa inaning'inia, akamfunika nayo. Mama akakaa pale anautazama uso wa baba kupitia vile vitundu mpaka shuka lilipopatikana. Tangu siku hiyo hajalala ndani ya neti. Nilimletea mpya, akaipokea kwa shukrani nyingi na kuipandisha kabatini. Nimewahi kumkasirikia sana, Mungu anisamehe. Hasira ilikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba naogopa.

Mchana nimemwaga maji ya pipa lililojaa viluwiluwi, nikafukia dimbwi la nyuma ya bafu. Huku nafanya kazi nikamsimulia jinsi wageni wanavyolipa pesa kulala ndani ya neti mahali pasipo na mbu. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipoanza kupiga misumari juu ya kitanda chake, akasema yeye halali humo.

Sikubishana naye. Niliifunga neti, nikaingia mwenyewe, nikajilaza chali. Mama akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, namsikia akijipiga makofi miguuni. Mbali kidogo mtu alikuwa amefungulia maji mferejini, na ile sauti ikawa kama inapita kichwani mwangu. Weupe ule juu yangu mara ni neti, mara ni ukungu wa kule kreta. Nikawa sijui niko wapi, na nilijisikia raha kutojua. Nikasinzia.

Niliposhtuka alikuwa amesimama juu yangu, ameshika pindo la neti. Analia bila sauti.

"Amka, mwanangu. Nikiwa huku nje sikuoni uso."

Nikamwambia nipo mama, ingia. Alisita. Kisha akainamisha kichwa, akaingia, akalala ananitazama, pua zetu zinakaribia kugusana. Alinishika shavu. Akaigusa neti kwa ncha za vidole, akarudi shavuni.

"Kumbe ukiwa ndani unaona," akasema.

Nikauweka mkono wangu juu ya wake.

Sasa amelala, nami naandika kwenye simu nimepunguza mwanga. Mbu wanaimba kwa nje, wawili wametua karibu na mkono wangu, na kwa mara ya kwanza maishani nawatazama bila chuki. Mama anapumua polepole. Nasikiliza kila pumzi.

Jumapili narudi kazini, na kitanda hiki kitakuwa chake peke yake. Nilitaka kumwuliza kama ataweza, nikaogopa jibu, nikachomekea neti chini ya godoro upande wangu.

Upande wake, kabla hajasinzia, amechomekea mwenyewe.