Mkono wa Kushoto wa Kortina

Jumapili, 25 Juni 1967
Mazoezi ya mbio za magari yamevurugika. Kwenye kona ya barabara ya Kipalapala gurudumu la mbele la gari la Mansukh, dereva mwenzangu wa klabu, limeng'oka, likaenda zake porini. Gari likabiringika. Mguu wake umevunjika vibaya. Na watu? Walicheka! Wakalikimbilia gurudumu kama mpira. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nimekiona chuma kilichokatika — nusu ya mkato ina kutu. Yaani ufa ulikuwapo siku nyingi na hakuna aliyeinama kutazama. Kinyaa kimenishika mpaka chakula kimenishinda.

Jumatatu, 26 Juni
Nimemwambia kaka Abbasi: sikimbizi gari tena mpaka tufungue kila chuma cha mbele. Kaguna. Gereji yake, gari lenyewe, Kortina, lake, mimi dereva tu — tena dada mtu! Lakini anapenda vikombe. Kakubali.
Mabruki, fundi wetu, kainua gari. Uchafu gani ule! Grisi imeshikana na mchanga kama ukoko wa ugali. Bushi, zile pete za mpira, zimelika. Nati moja nimeifungua kwa vidole. Kwa vidole! Mabruki kainamisha kichwa. Anasema kazi anayoagizwa ni kuosha bodi ing'ae, hajaagizwa nyingine.

Jumatano, 28 Juni
Marehemu baba alinifundisha: osha chuma kwa petroli, paka mafuta ya taa, futa kikauke, halafu paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka humo yailoweshe chaki.
Nimefanya hivyo leo. Mkono wa gari wa kulia — mweupe pe. Wa kushoto, huu wa chini unaoshika gurudumu: mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umezunguka tundu la bolti. Na kila kona ya kulia uzito wote unaangukia pale!
Mabruki: "Innalillahi." Abbasi kaja, kautazama. Halafu kasema ataagiza mpya Dar. Nimemshukuru.

Jumatatu, 3 Julai
Mkono umefika kwa treni. Mweusi, mzito, bado una grisi ya kiwandani. Mabruki ataufunga. Nitalala usingizi wa pono.

Jumatano, 5 Julai
Siamini!
Nimepita gereji mchana. Juu ya jeki Kortina ya Bwana Ngollo, yule mkubwa wa ofisi ya mkoa ambaye kwetu halipi hata maji ya betri. Mkono wetu mpya umefungwa kwake! Gari la kwenda ofisini na kurudi, lami mwanzo mwisho!
Mwenyewe kakaa sebuleni kwetu, anakunywa chai ya mama na kuwasema wanyonyaji. Sambusa ya nne mkononi.
Abbasi kanivuta pembeni. Anasema tangu Azimio la Arusha litangazwe mwenye gereji hajui kesho yake, na Bwana Ngollo atatusemea gereji isichukuliwe na serikali.
"Na mimi je, kaka?"
Eti mkono wetu wa zamani umechomelewa ufa, sasa ni imara kuliko mpya.
Nimekwenda kuutazama. Umepakwa rangi ya fedha. Rangi! Kama kumpaka maiti wanja.

Ijumaa, 7 Julai
Saba Saba. Hotuba uwanjani, Abbasi kapiga makofi kuliko wote. Nimemwambia mbio za Jumapili siendeshi. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo limenichefua zaidi. "Basi ataendesha Mabruki."
Nikamfuata Mabruki. Anajua kila kitu — yeye ndiye aliyechomelea! "Dada Sultana, bosi akishasema, mimi niseme nini? Mke wangu Mwanamkuu mjamzito."
Nimekwenda kwa katibu wa klabu yetu ya mbio. Kanisikiliza huku anachokonoa meno. Mambo ya kaka na dada myamalize nyumbani, kasema.
Mama anaona naandika. Hasomi Kiswahili, heri yake.

Jumapili, 9 Julai
Naandika hapa hapa gereji, goti ndiyo meza. Mlango wa mbele nimeukomea kwa ndani.
Nimekuja kabla ya chai. Nikaufungua ule mkono, nikauweka juu ya fuawe, nikapiga nyundo. Nikapiga tena. Umekatika palepale palipochomelewa! Ndani matundu matupu, kama andazi lisiloiva. Kwa kitu hiki mtu apelekwe mbio!
Mabruki akaingia kwa mlango wa uani, koti la mashindano mwilini. Nikamwonyesha vipande. Nilidhani atashukuru.
Kashika kichwa. "Dada, umeniua!"
"Mimi? Hiki ndicho kingekuua!"
"Hiki kingeniua labda. Bosi ataniua kweli. Atasema nimevunja mimi. Nitakwenda wapi?"
Sasa kaokota vipande. Kaviunganisha kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, kavikaza. Anafungua gesi avichomelee upya! Nimemwambia mtazame mkeo, Mabruki. Kasema ndiye anayemtazama.
Nje honi. Abbasi, na sauti ya Bwana Ngollo anacheka. "Sultana! Fungua, watu wanangoja!"
Mabruki anatafuta miwani ya kuchomelea. Anainua magunia, anapekua makopo. Kasimama. Kaniangalia.
Nimeikalia. Sinyanyuki.